Wageni Wengi, Wanunuzi Wachache: Duka la Intaneti Lahitaji Mwenyeji

Zamani mfanyabiashara mdogo aliyetaka kujulikana alitundika ubao mbele ya duka lake, akakaa kungoja. Siku hizi huambiwa kwamba asipokuwa na tovuti basi ni kama hayupo. Kwa sababu hiyo wananchi wengi wa Kampala, Jinja, Mbarara na Gulu wamejikakamua, wakamlipa kijana mwenye ujuzi wa kompyuta, na tovuti zikafunguliwa. Miezi hupita. Wageni huja, hutazama, huenda zao. Sisi twaona kwamba jambo hili lafaa kuzungumzwa waziwazi, kwani fedha zinazopotea hapo si za matajiri. Ni fedha za vikundi vya akiba na karo za watoto.

Tulimtembelea mama mmoja katika duka lake dogo hapa Kampala. Yeye huuza mikoba, kofia na vitambaa vya meza vilivyotengenezwa kwa magome ya mti wa mutuba, ile nguo ambayo Waganda huiita olubugo, na ambayo ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Bidhaa zake ni njema, nasi twasema hivyo baada ya kuzishika kwa mikono yetu. Alikopa katika kikundi chao cha akiba ili atengenezewe tovuti. Kila mwisho wa mwezi kijana aliyeitengeneza humletea hesabu ya wageni, nayo hesabu hupanda.

"Wanangu," alituambia, "watu wanakuja kwa mamia, lakini huko sijauza hata kofia moja. Na wenzangu wa kikundi wanataka fedha yao ifikapo Desemba."

Tuliifungua tovuti hiyo kwa simu ya kawaida, kama ambavyo mteja angefanya. Tukangoja. Ilikuwa inaleta picha moja kubwa ya machweo ya Ziwa Viktoria, na juu yake maneno ya kumkaribisha mgeni katika ulimwengu wa ubora. Mikoba haikuonekana. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilieleza kwamba asilimia 53 ya watu wanaofungua ukurasa kwa simu huuacha iwapo wanangoja zaidi ya sekunde 3. Nasi hapa tuna sababu ya ziada ya kukosa subira: mgeni hununua intaneti kwa fedha yake, na tangu Julai 2021, kodi ya asilimia 12 ilipowekwa juu ya vifurushi hivyo, kila picha nzito humtia hasara. Mgeni wa namna hiyo hakuikataa mikoba, bali hakuiona kabisa.

Tulipofika penye mikoba hatukukuta bei. Paliandikwa tu kwamba mwenye haja apige simu. Tukamwuliza mama sababu, naye akajibu bila kusita: akiandika bei, jirani ataiona na kuuza kwa bei ya chini zaidi, tena mnunuzi hatabembeleza, na pasipo kubembelezana biashara haina ladha. Jibu hili si la kudharauliwa. Katika soko la Owino bei hutokana na mazungumzo: muuzaji humtazama mtu viatu, humsalimu, hutaja bei ya juu, kisha hushuka pole pole, na wote wawili huachana wakiwa na furaha. Lakini hayo yote yawezekana kwa kuwa mteja amesimama pale, na kuondoka kwake ni kazi. Kwenye intaneti kuondoka ni kugusa kidole mara moja. Mtu asiyeona bei hudhani ni ghali, au hudhani atapangiwa bei kwa kadiri ya uso wake, hasa akiwa mgeni wa mbali. Hata ule mwanzo wa bei, yaani kuandika kwamba mikoba huanzia kiasi fulani, ungalimpa mahali pa kushika. Sisi kwa upande wetu twaona kwamba woga wa jirani umewagharimu wafanyabiashara wetu zaidi kuliko jirani mwenyewe.

Aliyevumilia yote hayo alikutana na fomu ya kuagizia yenye maswali 11, likiwamo la tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ya kununulia kofia! Kampuni ya Amazon ilithamini sana wepesi wa kununua hata mwaka 1999 ikapewa hataza ya Marekani kwa ununuzi wa kubonyeza mara moja tu, hataza iliyodumu hadi 2017. Isitoshe, sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yamtaka mkusanyaji asiombe zaidi ya anachohitaji. Mwisho wa fomu, malipo yalikuwa kwa kadi ya benki peke yake. Kenya imekuwa na M-Pesa tangu 2007, na hapa kwetu MTN ilianza kutuma fedha kwa simu mwaka 2009. Mteja wa Masaka aliye na fedha mkononi alifungiwa mlango kwa kukosa kadi.

Lakini lililotusikitisha zaidi halikuwa katika tovuti. Tulimwomba mama afungue sanduku la barua pepe la duka, naye hakujua neno la siri; kijana ndiye aliyelijua. Lilipofunguliwa tulikuta barua ambazo hazijasomwa. Moja ilitoka kwa mtu wa Nairobi aliyetaka mikoba 6, akiuliza vipimo na gharama ya kuisafirisha. Ilikuwa imekaa majuma matano. Mama aliisoma mara mbili, akanyamaza.

Hapo ndipo ile hesabu ya wageni ilipotuonyesha udanganyifu wake. Tuseme watu 200 wameingia na 2 wakaandika kutaka kununua. Anayelipia matangazo ili apate 200 wengine atapata waandishi 2 zaidi, na akiwaacha bila jibu amenunua hewa. Anayeijibu ile miwili siku hiyo hiyo hatumii senti. Kwa hiyo yafaa mwenye duka ahesabu waliouliza, waliojibiwa na waliolipa. Kisha ndipo awahesabu wapita njia.

Tuliporudi baada ya mwezi, picha ya machweo ilikuwa imeondolewa. Ukurasa wa kwanza ulionyesha mkoba mmoja, upana wake kwa sentimita, bei yake kwa shilingi na kwa dola, mtaa ulipo duka, na picha ya mama mwenyewe akishona. Kwani mtu hasiti sana kutuma fedha anapoujua uso wa anayezipokea. Maswali ya fomu yalibaki 3, na maombi sasa huingia katika simu yake mwenyewe. Yule mtu wa Nairobi aliandikiwa na kuombwa radhi. Akajibu kwamba mikoba alikwisha nunua kwingine, ila angependa kofia 2. Tulipoagana na mama, alikuwa akizipima kofia hizo katika mizani ya jirani yake muuza maharagwe, apate kujua posta watamtoza kiasi gani.