Mzazi wa Tunduru asiitwe kuchanga tu

Barua ya kumwita mzazi shuleni huletwa na mtoto, imekunjwa ndani ya daftari la mazoezi. Hata kabla ya kuisoma, mzazi anakisia kinachotakiwa: dawati, tofali, uji wa watoto au posho ya mlinzi. Vijiji vingi vya Tunduru vimezoea hivyo. Fedha ikipungua, mzazi ni mdau. Fedha ikipangiwa matumizi, mzazi yuko shambani kwake.

Wapo wanaosema wazazi wa kusini hawajali elimu. Sikubaliani nao, na mkoa wetu wa Ruvuma wenyewe unawakanusha. Katika miaka ya 1960, wanakijiji wa Litowa, Songea, waliokuwa chini ya chama cha wakulima cha RDA (Ruvuma Development Association), waliendesha shule yao wenyewe. Aliyeiongoza ni Suleman Toroka, lakini kilichofundishwa na kazi za watoto shambani vilijadiliwa na wanakijiji. Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Litowa walikuwa tayari wanaiishi. Septemba 1969 chama tawala, TANU, kikaivunja RDA, mali zake zikachukuliwa na walimu wakahamishwa. Wakulima wale hawakushindwa kuisimamia shule. Walinyang'anywa.

Sheria ya leo haimfungii mzazi mlango. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 inazipa shule za msingi kamati na sekondari bodi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, kamati zikakabidhiwa pia jukumu la kupanga na kusimamia fedha za shule. Tatizo liko kwenye mpangilio wa kikao. Mwalimu mkuu ndiye katibu; yeye huandaa ajenda, yeye huandika muhtasari, na taarifa ya mapato na matumizi huisoma yeye, tena kwa haraka. Huanza kufungua kikao, kisha yatokanayo, taarifa ya taaluma, hotuba ya mgeni na michango. Mzazi hupewa nafasi kwenye mengineyo, wakati jua limeshakuwa kali na akina mama waliokaa chini wameanza kukunja khanga zao waondoke.

Na fedha zipo za kuulizia. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima ikapigwa marufuku, na ruzuku ya shule ya msingi ikawa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 huenda shuleni moja kwa moja na zinazobaki ni za vitabu. Shule yenye watoto 400 ingetarajia shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, za chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Ni kidogo. Mzazi akielezwa udogo huo waziwazi ataelewa kwa nini anaombwa mchango wa hiari. Asipoelezwa, atahisi kuna anayekula.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo maofisa hulipita juu juu. Tunduru ni wilaya ya korosho. Miezi ya katikati ya mwaka watu wanapulizia salfa, na mwaka unapoelekea mwishoni wanaokota. Masika familia nyingi zinahamia mashambani kulinda mazao dhidi ya ngedere, nguruwe pori na tembo. Kikao kikiitishwa Jumanne asubuhi katikati ya msimu, watakuja watu wachache wa karibu na shule, kisha itaandikwa kwamba wazazi wameridhia. Ratiba ipangwe pamoja na wakulima, na taarifa itangazwe misikitini na makanisani, isitegemee daftari la mtoto peke yake.

Katika ngazi ya wilaya nako kuna nafasi inayopuuzwa. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi, hata kama hawaruhusiwi kuchangia hoja. Diwani anayejua kuna wazazi wa kata yake wamekaa nyuma wakimsikiliza hawezi kupitisha bajeti ya elimu kimyakimya.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kikao kijacho omba mapato na matumizi yawe ajenda ya kwanza baada ya muhtasari, na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Shuleni wakikataa, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake.