Ngisi na Mishipa Yake ya Fahamu

Katika nyumba zetu za pwani ngisi anajulikana sana chunguni, lakini si wengi wanaomjua kabla hajafika huko. Mwenye kumtengeneza hushika kichwa, akakivuta, matumbo yakatoka pamoja nacho, wino ukamwagika, akamsuuza, basi kazi imekwisha. Siku moja niliomba nyumbani niachiwe mmoja, nimpasue darasani mbele ya watoto tumtazame bila haraka. Jikoni hawakufurahi, maana wageni walikuwa njiani. Hata hivyo nilipewa.

Mtoto mmoja aliuliza kwanza, "Mwalimu, huyu ni samaki wa namna gani?" Nikamjibu ya kuwa huyu si samaki kabisa. Hana uti wa mgongo wala magamba. Ndugu yake ni pweza, na jamaa zake wa mbali ni konokono na chaza. Ule ukanda mwembamba ung'aao, mfano wa unyoya, uliomo mgongoni mwake, si mfupa. Ni mabaki ya kombe walilokuwa nalo wahenga wake zamani sana.

Minyiri yake ni kumi: minane ni mifupi, na miwili ni mirefu, ambayo huirusha ghafula kukamata kamba na visamaki. Katikati ya minyiri mna mdomo mgumu mweusi kama wa kasuku. Nao una kazi kubwa, kwani koo la ngisi hupita katikati ya ubongo, ubongo ukilizunguka kama pete. Kwa hiyo sharti akate chakula vipande vidogo kabla ya kumeza. Watoto walicheka sana waliposikia hayo. Mioyo anayo mitatu: miwili husukuma damu katika matamvua, na mmoja huipeleka mwilini mwote. Damu yenyewe hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama damu yetu, na ikipata hewa hugeuka rangi ya samawati.

Lakini nililotaka hasa waone ni jingine. Mwili wa nje wa ngisi ni mfuko mnene wa nyama. Huujaza maji, akaufunga shingoni, akaukaza kwa nguvu, maji yakatoka kwa mrija ulio chini ya kichwa. Maji huenda huku, naye huenda kule. Akiogopa huruka kinyumenyume kama mshale, akiacha wingu la wino nyuma yake. Sasa fikirini: ikiwa sehemu ya mfuko iliyo karibu na kichwa itakaza kwanza, na ncha ya mbali ikachelewa, nguvu itapotea bure. Tulipoukata mfuko na kuukunjua, tukaona ndani yake vifundo viwili vidogo, na kutoka kila kifundo nyuzi nyeupe zimetawanyika kama miali ya nyota. Hizo ndizo mishipa ya fahamu. Ule uendao mbali una uzi mnene kuliko uendao karibu, na katika uzi mnene habari hukimbia upesi zaidi. Hivyo amri hufika mahali pote karibu kwa wakati mmoja, na mfuko mzima hukaza pamoja.

Katika mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, J. Z. Young, aliwaonyesha wenzake unene wa nyuzi hizo. Nyuzi za mishipa yetu wanadamu zilizo nene sana ni kama sehemu moja ya 50 ya milimita. Bali wa ngisi wa bahari ya Uingereza hufika nusu milimita, waweza kuuona kwa macho. Basi katika mwaka 1939, huko Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza kijiti chembamba cha kupimia ndani ya uzi huo, wakapima umeme upitao. Baada ya majuma machache vita vikazuka, kazi ikawekwa kando. Walipoirudia walieleza, katika mwaka 1952, jinsi habari isafirivyo: chembe za sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kula, huingia ndani ya uzi, kisha chembe za potasiamu hutoka nje. Ndivyo ilivyo hata katika mishipa yetu. Sindano ya ganzi apigwayo mtu kabla ya kung'olewa jino hufanya kazi kwa kuziba mlango wa sodiamu. Mwaka 1963 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Maisha ya ngisi ni mafupi kuliko watu wengi wadhanivyo. Yule wa matumbawe, ambaye wataalamu humwita Sepioteuthis lessoniana, anapatikana toka pwani yetu hata Hawaii, wala hamalizi mwaka. Jike hutaga mayai katika vifuko vyeupe mfano wa vidole, kila kimoja na mayai machache, akavishikiza katika majani ya baharini, au matumbawe, au hata katika dema la mvuvi. Mvuvi akivikwangua na kuvitupa juani, ameua ngisi wengi asiowaona. Wazazi hawangoji, baada ya kutaga hufa. Baada ya majuma kama matatu watoto hutoka, wadogo mno, minyiri yao kumi imetimia, na mtoto akiguswa, humwaga wino wake siku ile ile.