Riba isiyopanda nayo ni riba

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, tuliswali mjini Njombe tukiwa safarini kutoka Makambako kwenda Songea. Baada ya swala alitujia mzee mmoja wa Kifanya, mkononi ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi za benki alizotumiwa na mwanawe, mtumishi wa serikali aliyeko Dar es Salaam.

Kijana huyo ana mke na watoto watatu, na kwa miaka mingi anaishi nyumba ya kupanga, akidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ameona nyumba ya shilingi milioni 75. Benki imekubali kumkopesha milioni 60 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 16 isiyobadilika. Milioni 15 zilizobaki anamwomba baba yake azipate kwa kuuza shamba la miti ya mbao. Mzee alipomkumbusha habari ya riba, kijana akajibu: "Baba, riba hii haipandi. Iliyokatazwa ni ile inayoongezeka kila mwaka."

Mzee akatuuliza: "Sheikh, je, ni kweli?"

Tunaliandika jibu letu hapa kwa sababu swali hili si la mzee huyo peke yake. Tangu ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na kuanzishwa mwaka 2010 taasisi ya TMRC inayoyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, familia nyingi zimefunguliwa mlango ambao ulikuwa umefungwa tangu Benki ya Nyumba Tanzania ilipoanguka mwaka 1995.

Kwanza, tusimlaumu kijana kwa kutaka nyumba. Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Allah (S.W.) anatukumbusha kuwa amezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Mtume (S.A.W.) naye ameihesabu nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mja. Mwenye kumtafutia mkewe na wanawe sitara anatafuta jambo jema.

Ama hoja yake kwamba riba isiyopanda si riba, hiyo haina msingi. Imam Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa Kihanafi wa karne ya 4 Hijria, ameeleza kuwa riba waliyoijua Waarabu ilikuwa ni kukopesha fedha kwa muda maalumu, kwa sharti la nyongeza waliyokubaliana. Nyongeza hiyo nayo ilijulikana tangu mwanzo. Kwa hiyo, kinachoifanya riba kuwa riba si kupanda wala kushuka kwake. Ni fedha kuzaa fedha kwa sababu ya muda, mkopeshaji akiwa hakununua kitu, hakuuza kitu, wala hakubeba hatari yoyote ya mali.

Tuzitazame hesabu za kijana huyu. Kwa mkopo wa milioni 60, asilimia 16, miaka 20, atalipa kiasi cha shilingi 834,700 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, 800,000 ni riba na 34,700 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miaka mitano atakuwa amelipa takriban milioni 50, ilhali deni litakuwa bado ni takriban milioni 56.8. Akimaliza miaka yote 20, atakuwa amelipa zaidi ya milioni 200. Riba haikupanda hata siku moja, na nyumba moja imelipiwa zaidi ya mara tatu ya kilichokopwa!

Wapo watakaosema kuwa wanavyuoni wa Ulaya wameruhusu. Ni kweli kwamba mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa ruhusa kwa Waislamu wa nchi zile, kwa masharti: asipatikane mbadala wa halali, nyumba iwe ya kuishi mwenyewe na familia yake, asiwe na nyingine, wala asiwe na mali ya kununulia kwa njia nyingine. Wanavyuoni wengi hawakuafikiana nao. Hata hivyo, sharti la kwanza lenyewe latosha kwetu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilikataa mikopo ya nyumba yenye riba, likaelekeza kwenye njia za halali, ikiwemo kuuza nyumba kwa malipo ya awamu. Hapa Tanzania, Benki ya Amana ilifungua milango mwaka 2011, na CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Mwenye mbadala hawezi kudai dharura kabla hajaubisha mlango wake.

Njia ya halali ikoje? Iko murabaha: benki inainunua nyumba, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, naye analipa kidogo kidogo. Bei haiongezeki hata akichelewa. Iko pia musharaka inayopungua: mteja na benki wananunua kwa ubia. Milioni 15 katika nyumba ya milioni 75 ni fungu moja kati ya matano. Kijana atakuwa mbia tangu siku ya kwanza, atalipia kodi mafungu manne ya benki, na kuyanunua taratibu hadi nyumba iwe yake yote.

Lakini ndugu msomaji, tusidanganyane. Murabaha yaweza kukaribia gharama ya mkopo wa riba, na jina la Kiarabu halihalalishi mkataba mbovu. Kwa hiyo uliza kabla ya kutia saini. Je, benki imeimiliki nyumba kabla ya kuniuzia? Je, bei yote imeandikwa? Je, nikichelewa deni litaongezeka? Je, nyumba ikiungua, nani atabeba hasara ya fungu la benki? Na je, mke wangu amekubali? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na jambo hilo halipingani na mafundisho yetu ya kushauriana.

Na hata mkataba ukiwa wa halali, deni ni deni. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni la dinari chache tu, mpaka sahaba Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulilipa.

Mzee alizikunja karatasi zake, akasema: "Miti ile niliipanda kwa ajili ya wanangu. Sikuipanda kwa ajili ya riba." Nasi tukamsihi asimkatalie mwanawe kwa ukali, wala asimpe kwa kumwonea huruma tu. Wakae wote, na mke wa kijana awepo. Benki ikikubali ubia wa halali na kipato kikatosha, miti iwe fungu lake. Isipokubali, wanunue kiwanja, wajenge chumba baada ya chumba, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za Kifanya yenyewe. Ni kweli itachukua miaka. Lakini miti ile nayo mzee aliingoja miaka, na hakuna hata mche mmoja uliomdai.

Tunamwomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu Yake, na azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu na baraka. Wallahu aalam.