Gemu Ileile, Bei Tofauti: Mama Amjibu Nini Kijana?

Kina mama wenzetu, siku hizi baada ya kikundi cha jumuiya kuna swali linalorudi mara kwa mara, ambalo mama zetu hawakupata kuulizwa. Kijana anakuja na simu mkononi: "Mama, gemu hii kwetu ni dola 60, lakini kuna nchi inauzwa nusu yake. Naomba kadi yako ya benki, nijiandikishe kana kwamba tunaishi kule." Je, huo ni ujanja wa kubana matumizi, au ni uongo?

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Si gemu ya dukani yenye kasha lake, bali ni ile inayopakuliwa kwa intaneti. Haipandi meli, hailipiwi bandarini, wala haikai kwenye rafu. Ikishatengenezwa, kutoa nakala moja zaidi hakumgharimu mwenyewe karibu kitu. Ndiyo maana bei yake hufuata mfuko wa mnunuzi. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta lililo mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, huwapendekezea watengenezaji bei kwa kila sarafu, nao huamua wenyewe. Mhindi hulipa kwa rupia, Mbrazili kwa reali, mtu wa Afrika Kusini kwa randi. Sisi wa Kenya na Tanzania hatumo katika orodha hiyo ya sarafu, tunatajiwa dola. Huko Marekani kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, basi dola 60 ni kazi ya saa nane hivi. Mama mwenye genge la nyanya ajipigie hesabu yake. Kwa hiyo kijana anaponung'unika, tusimwambie kwamba hana sababu. Anayo.

Hata hivyo, sisi wauguzi hatuoni ubaya katika bei tofauti zenyewe. Dawa za UKIMWI ziliwahi kuuzwa Afrika kwa bei ya chini kuliko Ulaya, na wagonjwa wakaendelea kuishi kwa ajili hiyo. Lakini mwaka 2002 iligundulika kwamba shehena za dawa hizo zilizokusudiwa Afrika zilikuwa zikiuzwa Uholanzi na Ujerumani, na mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni ya kuzitia alama ili zisirudi. Gemu si dawa, tunajua. Ila bei nafuu ya maskini hudumu pale tu tajiri asipojipenyeza katika foleni.

Tazama Argentina na Uturuki. Peso na lira zilikuwa zikishuka thamani haraka, hata gemu zikawa za bei ya kutupa. Wachezaji wa nchi zenye uwezo wakatumia programu za kuficha mahali walipo, zile vijana wanazoziita VPN, wakajifanya wakazi wa Buenos Aires au Istanbul. Oktoba 2022 Valve ilipandisha sana bei zilizopendekezwa huko. Kisha tarehe 20 Novemba 2023 peso na lira zikaondolewa kabisa, bei zikawa za dola. Kampuni ilitaja kuyumba kwa sarafu, na kweli mwaka huo bei za vitu Argentina zilipanda kwa zaidi ya asilimia 200. Wale wageni wa bandia hawakuathirika sana; walirudi makwao. Aliyebaki na bei mpya ni kijana wa Argentina.

Wala kampuni nazo si malaika. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliitoza Valve na wachapishaji watano wa gemu faini ya jumla ya euro milioni 7.8, kwa kuzuia gemu zilizonunuliwa nchi kama Poland zisifunguke katika nchi nyingine za Ulaya. Ndani ya soko lao la pamoja hilo halikubaliki. Valve ilikata rufaa, ikashindwa Septemba 2023.

Sasa ile kadi ya mama. Masharti ya Steam yanakataza kuficha mahali ulipo ili upate bei ya kwingine, na akaunti inaweza kufungwa, pamoja na gemu zote zilizolipiwa humo. Kuhamisha nchi kunataka njia ya malipo ya nchi hiyo. Hapo ndipo kijana humtafuta "wakala" asiyemjua, akampa namba za kadi yako. Usikubali kabisa, mama, hata akilia.

Mwambie asubiri mapunguzo makubwa ya msimu, ambapo gemu nyingi hushuka kwa nusu au zaidi, bila kumdanganya mtu. Tena akinunua na isimfae, aombe kurudishiwa fedha ndani ya siku 14, mradi hajaicheza kufikia saa mbili. Kaeni pamoja mbele ya kompyuta siku hiyo ya kwanza, na saa iwe ukutani.