Vijana wa Vyuo na Michezo ya Klabu
Kila alasiri hapa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, twawaona vijana wa vyuo wakielekea viwanjani, viatu mabegani. Klabu huwapa pumzi, utii na udugu. Ndugu askari, ninyi wenye APR, klabu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, hamhitaji kuelezwa hayo. Linalotutia hofu ni ushujaa usio mahali pake. Kijana agongwapo kichwa akashikwa na kizunguzungu, hujikaza akarudi mchezoni, wala klabu ya chuo aghalabu haina daktari wa kumzuia. Pigo la pili, ubongo haujapona la kwanza, laweza kumwua. Ninyi mnaosaidia kuwafundisha, mtoeni uwanjani, asirudi siku hiyo, hata akilia.