Mpira unaopinda: Silaha ya besiboli isiyotaka haraka

KWA mtazamaji aliyezoea soka, mpira wa besiboli unaoporomoka ghafla mbele ya mpigaji huonekana kama kiini macho. Sababu yake, hata hivyo, ni ile ile iliyoupinda mkwaju wa adhabu wa Roberto Carlos wa Brazil dhidi ya Ufaransa mwaka 1997: mpira unaozunguka husukumwa na hewa kuelekea upande mmoja.

Nchini Marekani, sifa ya kuubuni mrusho huo hupewa Candy Cummings, aliyesimulia kuwa alipata wazo hilo mwaka 1863 huko Brooklyn, alipokuwa akirusha makombe ya baharini na kuona yanavyokata kona. Wapo waliobisha kuwa hakuwa wa kwanza.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi wa mchezaji wa kulipwa, unaokaribia kilomita 150 kwa saa, hufika chini ya nusu sekunde, hivyo mpigaji hulazimika kuamua mapema. Mpira unaopinda huuhadaa uamuzi huo. Huja taratibu zaidi, huonekana kuelekea kifuani, kisha hushuka magotini wakati gongo limekwishapita.

Siri imo vidoleni. Kidole cha kati hukandamiza mshono wa mpira, cha shahada hulala kando yake, na gumba hukaa chini. Mkono unapopita kichwani, kiganja huelekea ndani, kana kwamba mrushaji anataka kukata kitu kwa ukingo wa mkono. Wakati wa kuachia, kidole cha kati huvuta mbele ya mpira kwenda chini nalo gumba hupanda. Mpira hutoka ukibingirika kuelekea kwa mpigaji, na hewa huusukuma chini kuliko ambavyo ungeshuka kwa uzito wake pekee.

Wanaojifunza hukosea mara nyingi kwa kuupindua mkono kama anayefungua kifuniko cha chupa, jambo linalokiumiza kiwiko. Wengine hupunguza mwendo wa mkono, na mpigaji mzoefu huwatambua mara moja. Ndiyo maana makocha huanzia umbali wa mita chache, kwa mpira uliopakwa rangi nusu, ili mwanafunzi auone mzunguko wake mwenyewe kabla ya kufikiria kasi.

Suala linalowagawa wazazi na makocha ni umri. Kwa miaka mingi watoto walikatazwa mrusho huu kwa kuhofia viwiko ambavyo mifupa yake bado inakua. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa, ukirushwa ipasavyo, hauubebeshi mkono mzigo mkubwa kuliko mpira wa kasi. Hatari kubwa zaidi ni kurusha mara nyingi mno na kuendelea ukiwa umechoka.

Kwa sababu hiyo, ligi ya watoto ya Little League ilianza mwaka 2007 kuhesabu mirusho, na mwenye umri wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi 85 kwa siku. Mwongozo wa Pitch Smart wa mwaka 2014 unashauri kijana aumudu kwanza mpira wa kasi, kisha ule wa taratibu unaorushwa kwa mwendo ule ule wa mkono, ndipo aguse unaopinda.

Kano ya kiwiko ikikatika, tiba huwa ni upasuaji uliopewa jina la Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyefanyiwa mwaka 1974. Alirejea uwanjani mwaka 1976.