Thamani ya Kazi Isiyoshuka Shimoni

Katika machimbo madogo ya Katanga, yakiwemo ya bati na koltani huko Mitwaba, wanaume ndio hushuka shimoni. Wanawake wengi huponda mawe, huosha mchanga, huchambua na kubeba. Mwanamke akikaribia shimo, wengi huamini, madini hukimbia. Imani hiyo inagharimu pesa: anayechimba ana fungu lake katika mavuno, anayeosha hupewa ujira mdogo na hana sauti bei inapopangwa.

Hapo ndipo ubaguzi unapozaliwa, mapema kabla ya mshahara. Kifungu cha 86 cha sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 kinaagiza malipo sawa, bila kujali jinsia, pale ambapo mazingira ya kazi, ujuzi na matokeo ni sawa. Ni agizo zuri, lakini mama aliyezuiwa kuchimba atajilinganisha na nani?

Jibu limo katika Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, ambao nchi yetu iliuridhia 1969. Mkataba huo unadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, hata zikitofautiana. Thamani hupimwa kwa ujuzi, nguvu, wajibu na hatari. Muoshaji huinama majini saa nyingi, na jicho lake ndilo linalotenga madini na uchafu. Bila yeye, mzigo haupati mnunuzi. Kwa nini basi aitwe msaidizi?

Mazoea haya yana mizizi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi wake na familia zao kambini, mwishoni mwa miaka ya 1920, mshahara ulikuwa wa mume. Mke na watoto walihesabiwa katika posho yake. Baadaye, sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mikataba. Sharti hilo liliondolewa 2016, lakini fikra za kwamba pesa ya mwanamke ni nyongeza tu bado zinatawala.

Tufanye nini? Ushirika wa wachimbaji uandike jina la kila mwanamke katika daftari la wanachama, upime kazi yake kwa mizani mbele yake, na umlipe mkononi mwake. Wanawake wawemo katika kamati inayogawa kazi na kupanga bei. Tahadhari inayomlinda mjamzito isigeuzwe kisingizio cha kuwafukuza wanawake wote machimboni.

Maofisini Lubumbashi pia kuna la kufanya. Mwajiri atangaze sifa na mshahara kabla ya usaili, na asimuulize binti ataolewa lini. Mimba na ndoa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na likizo ya uzazi ni wiki 14, kwa theluthi mbili za mshahara. Bosi anayedai mwili ili atoe ajira ashtakiwe, na mlalamikaji alindwe. Anayedhulumiwa atunze mkataba na hati za malipo, kisha aende kwa mwakilishi wa wafanyakazi au kwa mkaguzi wa kazi.

Kila kiongozi wa kazi achukue orodha ya malipo yake na aulize: kazi zinazolipwa kidogo zaidi zinafanywa na nani, na ni nani aliyeamua kwamba thamani yake ni ndogo? Asipokuwa na sababu ya haki, arekebishe malipo hayo.